Nilisema Tatu

Kama umelazwa na mguu umefungwa plasta na unasoma haya kwenye simu, iweke simu kando kwanza ujaribu kuchezesha vidole vya mguu. Vikicheza, endelea kusoma. Visipocheza, au vikicheza lakini huvisikii, au mtu akivigusa ukataka kuruka kitandani, mwite muuguzi sasa hivi, kwa sauti. Usikae ukipanga jinsi ya kumwita bila kumsumbua. Mimi nilikaa nikipanga.

Sitaeleza mambo ya kidaktari, kwa sababu mengine sikuyaelewa na mengine niliyasoma usiku kwenye simu yakanifanya nisilale. Nitaeleza niliyoyaona tangu msimu wa kuvuna mahindi hadi msimu uliofuata. Nikiandika kama mtu asiye na huruma na nafsi yake, nisamehe. Miezi mingi ya mwaka huo sikuhisi chochote, na bado najizoeza.

Naitwa Wafula. Nyumbani ni Chwele, upande wa Bungoma, lakini nilipovunjika nilikuwa Kitale, kwenye stoo ya mahindi ya binamu wa baba yangu. Nina shahada ya takwimu. Kazi ilikuwa kupima unyevu wa mahindi na kuandika uzito wa magunia, na nilishukuru kuipata. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Kabla sijatuma ujumbe naufuta na kuuandika upya, kisha nikishautuma nakaa nikijiuliza kama nukta ya mwisho imeonekana kama hasira. Dada yangu Nekesa, anayesuka nywele mjini Kitale, huniita Bwana Itakuwaje. Kwa hiyo naona ajabu kwamba asubuhi ile ya Novemba sikuwa na wasiwasi wowote. Malori yalikuwa yamepanga foleni hadi barabarani. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya rundo la magunia nikitafuta kofia ya kalamu, rundo likaniporomokea.

Mlio ulikuwa kama wa mtu anayevunja muwa kwenye goti. Nilisikia mlio kwanza, kisha nikaona kwamba unyayo wangu wa kushoto umeelekea upande ambao si wake. Wapakiaji walikuwa watu wenye akili. Walikata katoni, wakauzungushia mguu, wakaufunga kwa kamba ya gunia, wakanilaza nyuma ya pikapu. Mmoja alinishika mkono njia nzima akiniuliza maswali ya mpira ili nisilale. Sifuatilii mpira. Nilimjibu hata hivyo.

Hospitalini nilingoja kwenye machela katika ukumbi, karibu na mama aliyekuwa akila ndizi mbivu na kuniangalia kama televisheni. Picha ilionyesha mifupa yote miwili ya chini ya goti imekatika. Daktari, kijana pengine wa rika langu, alisema nina bahati kwa kuwa ngozi haikupasuka. Waliunyoosha mguu, wakaufunga plasta kuanzia karibu na vidole hadi pajani. Aliniambia niuinue mguu juu ya mto, na akaongeza, polepole, akiniangalia machoni: "Itauma, hiyo ni kawaida. Lakini ikianza kuuma kushinda vile inauma saa hii, useme. Usingoje mtu akuulize."

Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu baadaye watu wa nyumbani walitaka kumlaumu. Alisema. Nilisikia.

Papa alifika kutoka Chwele alasiri, na wanaume wawili wa ukoo wetu. Papa ni baba yangu. Kwetu ndivyo tunavyomwita baba. Alikuwa dereva wa trekta hadi alipostaafu, na mikono yake bado imekunjika kidogo kama imeshika usukani. Haniulizi maswali. Nilipokuwa mdogo nikilia kwa kuogopa radi, alikuwa akitoka nje na kunyeshewa kuliko kukaa akiniona hivyo.

Ili uelewe kilichofuata, lazima nieleze jambo moja la kwetu. Mvulana wa Kibukusu hutahiriwa amesimama, alfajiri, nje ya nyumba ya baba yake, amepakwa matope ya mtoni, mbele ya kila mtu. Hashikwi. Hatakiwi kulia, kukunja uso, wala kupepesa macho. Watu wanamwangalia usoni, hawaangalii kisu. Akitikisika, ni ukoo umetikisika, na watalisema jambo hilo hadi azeeke. Siku yangu ilipofika, mimi niliyeogopa radi, mbwa na kusoma kwa sauti darasani, nilisimama. Sijui nilivyofanya. Ni kitu pekee maishani nilichowahi kufanya bila kukifikiria. Papa alinipa mtamba mweusi, na tangu siku ile amekuwa na hadithi.

Aliisimulia tena pale, amesimama upande wa miguuni wa kitanda changu, kofia mkononi. Hadhira yake ilikuwa mgonjwa wa kitanda cha pili, mkulima wa viazi kutoka huko juu mlimani Elgon, karibu na Suam, aitwaye Kiptoo. Mzee Kiptoo alikuwa amevunjika paja. Mguu wake ulivutwa kwa kamba iliyopita juu ya gurudumu, na mwisho wa kamba kulining'inia mfuko wa mchanga.

"Huyu unamuona hivi," Papa alimwambia, "simu ikilia anashtuka. Panya akipita, anashtuka. Lakini ile asubuhi? Hakupepesa. Kuna nzi ilitua hapa, kwa jicho. Akaiacha."

"Nzi?" Mzee Kiptoo aliuliza.

"Nzi kabisa. Uliza hawa."

Wale wawili walikubali kuhusu nzi. Mimi sikumbuki nzi.

Wakati huo mguu ulikuwa umeanza kuuma kwa namna nyingine. Maumivu ya mchana yalikuwa pale palipovunjika, nami niliyaelewa. Haya mapya yalikuwa kila mahali ndani ya plasta, kama nyama imekuwa nyingi kuliko ngozi yake. Sindano niliyodungwa haikuyafikia. Jasho lilinitoka mgongoni na shuka likashika ngozi. Nilijiambia ni wasiwasi wangu. Nilijua jinsi akili yangu inavyokuza mambo: nimewahi kwenda kliniki ya chuo nikiamini nina ugonjwa wa moyo, ikawa ni maharagwe. Nikatoa hesabu ya wasiwasi kutoka kwenye maumivu, na nilichobakiza nikaona kinavumilika.

Jioni daktari alipita. Papa na wenzake walisogea ukutani, hawakutoka.

"Wafula. Maumivu yako wapi, kutoka sifuri hadi kumi?"

Nilifikiria. Kumi ingekuwa kelele. Nikisema nane, ataniuliza mbona silii. Saba ingemfanya Papa ageuke aniangalie. Tano ni namba ya mtu asiyejua. Nilimwangalia Papa. Alikuwa ananitazama kwa uso uleule wa asubuhi ya tohara yangu, kidevu kimeinuka kidogo.

"Tatu," nikasema.

Daktari hakuandika. Alishika kidole gumba cha mguu wangu na kukivuta juu kuelekea kwangu, taratibu.

Sina neno la kuelezea maumivu yale. Naweza tu kusema kwamba dari ya wodi ilikuwa na doa la maji, na doa lile likawa jeupe. Sikupumua. Sikukunja uso. Nilihisi kila mtu ananiangalia usoni, na hakuna aliyekuwa akiangalia mguu isipokuwa yule daktari, ambaye naye aliinua macho kutazama uso wangu, akaukuta umetulia.

"Unaona?" Papa alisema. "Si nilikuambia, Mzee? Huyu ni yule yule."

"Una uhakika uko sawa?"

"Niko sawa, daktari."

Alisimama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha mtu alimwita kutoka mlangoni, akaenda. Papa aliniwekea mkono begani kabla ya kuondoka, kitu asichokifanya. Mkono ulikuwa mzito na ulinifurahisha. Hilo ndilo linaloniumiza nikilikumbuka: kwamba nilifurahi.

Chakula cha jioni kililetwa mapema, ugali na kabichi. Sikula. Na wakati sahani zinakusanywa, maumivu yalianza kuondoka. Yalipungua kama redio inayokwisha betri. Nilijiona nimeshinda. Niliegemea mto, nikafunga macho.

"Kijana," Mzee Kiptoo aliita. "Mbona saa ile ulikuwa unatoa jasho kama mtu anapanda Elgon na gunia, na sasa umenyamaza?"

"Imepungua, Mzee."

"Imepungua ama imeenda?"

Nilivitazama vidole vilivyotokeza kwenye plasta.

"Gusa hiyo kidole."

Niliinama nilivyoweza, nikagusa. Kilikuwa baridi. Nilikibana kwa kucha, kwa nguvu. Ilikuwa kama kubana mguu wa mtu mwingine.

"Unasikia?"

"Hapana."

"Ati hapana? Chezesha."

Nilikichezesha. Yaani, nilikiagiza kicheze. Nilikitazama kisifanye kitu.

"Mzee, nadhani ni ile sindano imeanza kufanya kazi. Sista yuko bize. Nikimwita sasa na kumbe ni—"

"Wee! Mimi pia nilisimama," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mchezo. "Kwetu pia tunasimama. Lakini ile ilikuwa kisu, bana, na ilikuwa dakika moja. Hapa hakuna mtu atakupea ng'ombe." Akajiinua kwa viwiko, mfuko wa mchanga ukayumba, akapiga kelele ambayo nadhani ilifika lango la hospitali. "Sista! Kuja haraka! Kuja uone huyu mtoto wa Bungoma anakufa na heshima yake!"

Wodi nzima ilicheka. Muuguzi alikuja akicheka pia, hadi aliposhika vidole vyangu. Aliacha kucheka na kutoka mbio. Daktari yule kijana alikuja na msumeno mdogo, akaikata plasta pande mbili na kuifungua kama ganda la njugu. Mguu uliokuwa ndani ulikuwa unang'aa. Aliubonyeza kwa dole gumba, na haukubonyea. Ulikuwa mgumu kama mti.

"Ile tatu," alisema bila kuniangalia, "ilikuwa ngapi?"

"Tisa."

Hakunigombeza. Alieleza kwa haraka: nyama imevimba ndani ya mguu, imejibana yenyewe, damu haipiti. Ingebidi wapasue mguu pande zote mbili kutoka juu hadi chini ili upumue, na iwe sasa hivi. "Wakikuta bado iko hai, wataiacha wazi mpaka uvimbe ushuke. Wakikuta imekufa yote, hawatakuwa na la kufanya ila kukata. Unanielewa? Kukata mguu."

Nilisema ninaelewa. Nekesa alifika na mikono inayonuka mafuta ya nywele, akiwa amemwacha mteja na nusu ya kichwa. Alilia kwa niaba yangu. Mimi nilikuwa nikifikiria viatu: kwamba nina pea mbili ambazo kiatu cha kushoto ni kizima kuliko cha kulia. Niliwaza hivyo hadi waliponiambia nivute pumzi ya dawa ya usingizi.

Nilipozinduka niliweka mkono chini ya blanketi. Mguu ulikuwepo. Sikufurahi, sikulia. Nilihakikisha tu, kama mtu anayehakikisha amefunga mlango.

Waliuacha wazi, mipasuko miwili kutoka karibu na goti hadi kifundo. Nyama ya upande wa mbele, ile inayoinua unyayo, ilikuwa imekufa kwa sehemu, wakaitoa. Nje ya mguu waliweka vyuma: misumari iliyopita kwenye ngozi hadi ndani ya mfupa, na fimbo ya chuma ikaishikilia pamoja. Nilirudi chumba cha upasuaji tena na tena kusafishwa, na mwishowe wakachukua ngozi ya paja wakafunika. Ikiwa utafanyiwa hivyo, fahamu mapema kwamba paja litakuuma kuliko mguu, na kwamba hakuna atakayekuhurumia kwa ajili ya paja.

Mama alikuja siku ya soko la Chwele, na hajawahi kukosa soko. Alikaa upande mmoja wa kitanda, Papa upande mwingine. Alifunua shuka, akaangalia, akafunika.

"Ulikuwa unamsifu," alimwambia Papa kwa upole, "huku mguu unakufa."

Papa aliinuka. Alitoka nje, na hakukuwa na mvua. Kwa majuma mengi baada ya hapo wazazi wangu walizungumza kupitia Nekesa. "Mwambie baba yako chai iko." "Mwambie mama yako nimeona." Nekesa aliniambia anataka kulipwa kama mkalimani. Hadithi ya nzi haikusimuliwa tena. Nilitarajia ningeona nafuu kutoisikia, lakini niliikosa, na sikumwambia mtu.

Krismasi ilinikuta wodini. Kwaya ya kanisa fulani iliimba hadi mgonjwa mmoja akawaomba wapunguze besi. Mke wa Mzee Kiptoo alileta mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu, na mzee akaamuru nipewe mimi kwanza. Huruma ndogo kama hizo nilizihesabu kichwani bila kuzihisi. Mpakiaji aliyenishika mkono kwenye pikapu alikuja kunisalimia, akaniuliza kama nimeanza kufuatilia mpira. Mfagiaji mmoja alikuwa akigeuza kitanda changu kidogo ili nione dirisha.

Nilirudi nyumbani wakati wa kiangazi, mashamba yakichomwa mabua. Mguu ulikuwa umekonda hadi nikaweza kuuzungushia vidole vya mikono yangu. Unyayo ulining'inia, kama ndala inayotaka kuanguka. Ngozi ya kiraka ilikuwa na rangi ya zambarau na haikuwa na vinyweleo. Nekesa alikuja wikendi kunisaidia kuoga, akisema amezoea vichwa na huku chini hakumpendezi. Wageni walikuja kuona vyuma. Jirani mmoja alishauri nipelekwe kwa mtu mmoja upande wa Uganda, ukivuka Suam, anayefunga mifupa kwa vijiti na dawa na kuikaza hadi ishike.

"Huu mguu umefungwa vya kutosha," Papa alisema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kuhusu mguu.

Mvua za kupanda ziliponyesha, kliniki yangu ilihamishiwa Bungoma, kwa kuwa ni karibu na nyumbani. Papa ndiye aliyenipeleka kila mara. Tulikaa kwenye benchi refu, magongo yangu katikati yetu. Mama mmoja wa Mabanga aliyevunjika mkono akikimbiza kuku wa wageni alikuwa akijikuna ndani ya plasta kwa kijiti cha mshikaki, na kila muuguzi alipopita alikificha kwenye leso.

"Na wageni walikula nini?" Papa alimuuliza.

"Mboga," alisema. "Kuku mpaka leo iko. Inaniangalia tu."

Picha za Machi hazikuwa mbaya. Za Mei zilionyesha pengo lilelile kwenye mfupa, limekataa kuziba. Wakati wa palizi, mahali msumari mmoja ulipoingilia pakaanza kutoa maji, kisha usaha kidogo. Nikawa nahisi maumivu ya ndani, ya kuchimba, hasa nikilala. Na hapa ndipo pagumu kuandika. Kila tulipoingia, daktari wa Bungoma, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, aliniuliza maumivu ni ngapi. Nilikuwa nimeshajua kinachotokea mtu akidanganya. Ningeweza kutoa mhadhara. Na kila mara nilimtazama Papa, na mdomo wangu ukasema, "Kidogo tu." "Tatu." Mara moja, "Mbili." Usaha nilikuwa nikiufuta kwa pamba kwenye benchi kabla hatujaitwa.

Nimefikiria sana kwa nini. Nadhani nilitaka apate tena ile hadithi yake.

Agosti ilikuwa ya tohara. Barabara ya kutoka Chwele ilijaa wavulana na njuga zao, wakienda kualika wajomba na shangazi. Papa alikuwa ameitwa kwa jirani siku ya kliniki yangu, mahali ambapo kwa kawaida angesimama mbele. Aliwaambia ana kazi Bungoma. Kazi ilikuwa mimi. Nilikuwa na homa tangu asubuhi na nilikuwa nimevaa jaketi ili kutetemeka kwangu kusionekane.

Daktari aliweka picha kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu. "Hii siipendi," alisema. Akageuka. "Maumivu, Wafula. Sifuri mpaka kumi."

Nilimtazama Papa. Na safari hii niliona kwamba yeye pia alikuwa amenitazama nikimtazama. Uso wake ulibadilika polepole, kama mtu anayetambua mahali alipopotea njia. Aliangalia jaketi langu. Akachukua kofia yake kwenye goti, akainuka.

"Daktari, wacha mimi nitoke," alisema. "Huyu hawezi kukuambia ukweli nikiwa hapa."

Akatoka, akafunga mlango.

Daktari alivua miwani. "Haya," akasema. "Baba ameenda."

"Saba," nikasema. "Usiku ni nane. Hapa, chini ya huu msumari. Kunatoka usaha na nimekuwa nikiupangusa. Tangu palizi. Nina homa." Maneno yalitoka kwa wingi, nikashindwa kuyasimamisha. Nilimwambia hata kuhusu paja, ambalo halikuhusika.

Nitakwambia mwisho sasa ili usiwe na wasiwasi kama wangu. Mguu ninao. Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye mfupa. Daktari alisema ningengoja hadi mavuno, wangekuwa wanazungumza nami habari ya kukata. Nililazwa siku hiyohiyo, wakasafisha, wakatoa vipande vilivyokufa, wakabadilisha vyuma, nikanywa dawa hadi ulimi ukawa na ladha ya shaba. Mfupa ulishika. Unyayo haujarudi kuinuka na sidhani utarudi. Ninavaa kipande cha plastiki ndani ya kiatu, na watu wananisikia nikija. Maumivu bado yapo asubuhi za baridi. Ni nne. Ninayasema.

Lakini bado sijamaliza na chumba kile. Kabla ya kunilaza, daktari aliona msumari mmoja umelegea kabisa, usaha ukiwa nyuma yake, akasema utatoka pale pale. Muuguzi alikuwa peke yake na mguu ulihitaji kushikiliwa usicheze. Daktari akafungua mlango.

"Mzee, ingia utusaidie kushika."

Papa aliingia. Alinawa mikono kwenye sinki hadi viwiko, kama mtu anayetaka kuchinja. Akavuta kiti upande wa miguu yangu, akashika kisigino kwa mkono mmoja na goti kwa mwingine, vidole vyake vikiwa vimekunjika vile vile.

"Papa," nikasema, "nitapiga kelele."

Muuguzi alikuwa anapaka dawa kuzunguka msumari, na iliwasha.

"Piga," Papa alisema. Kisha akakohoa kidogo. "Lakini usiniangalie mimi."

Akageuza uso ukutani. Muuguzi alianza kuzungusha msumari, nami nikapiga kelele. Haikuwa sauti niliyoijua. Ilipita mlangoni, na nasikia hata kwenye benchi walinyamaza. Nilipiga tena. Papa alikuwa anatazama ukuta, macho yake wazi kabisa, machozi yakimshuka hadi kidevuni, na mguu wangu mikononi mwake haukutikisika.